Pampu Mpya na Gauni la Bibi Harusi

Wallahi nilitaka sifa tu. Niling'oa kiti cha nyuma cha gari langu kuukuu la turbo, nikasoma nambari ya pampu ya petroli iliyo chini yake, nikafunga nyingine yenye nguvu zaidi. Mpira wa kuzibia mdomo wa tangi nikarudisha ule ule wa zamani, mjuaji mimi.

Jumamosi nikampakia dada yangu, bibi harusi, kutoka Utange kwenda ukumbini.

"Kaka, mbona kwanuka petroli?"

"Hiyo ndiyo harufu ya nguvu," nikamjibu, nikaongeza mwendo.

Ukumbini kina mama walimngoja na chetezo cha udi, makaa yamewaka. Somo yake, kungwi aliyemfunda, akanusa gauni, akapiga ukelele:

"Rudisheni moto nyuma! Mwanangu kafanywa nini?"

Dada akaninyooshea kidole.

"Kaka asema ni harufu ya nguvu."