Mabati ya Nakato

Nakumbuka siku lori la jeshi liliposimama mbele ya nyumba yetu kambini, limejaa mabati mapya, nami moyoni nikaanza kushangilia. Usinicheke, mwanangu. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, hapa Kampala hata sukari tuliitafuta kwa magendo, sembuse bati!

Baba yangu, sajini wa jeshi, alikuwa ameuawa wiki chache nyuma. Tulikuwa tunajenga Kansanga, kuta zimesimama, paa hakuna. Alikwenda Katwe kuchukua mlango wa chuma, na fundi aliyeutengeneza, Muganda mmoja mpole, akaja naye kuupachika. Wakapita dukani kunywa soda. Humo dukani mtu alikuwa ameficha bomu. Walikufa wote wawili, na mpaka leo hatujaambiwa nani aliyelitega. Fundi aliacha mke, Nakato, na watoto wadogo. Tangu mazishi, Nakato alikuwa akishinda kwetu, analia na mama.

Basi akashuka kapteni, viatu vinang'aa, na mpiga picha nyuma yake. Aliishia mlangoni, maana mama alikuwa edani, nyuma ya pazia, na sisi Wanubi kwenye eda hatuna mchezo.

"Mama, serikali imeleta fidia yako," alisema kwa Kiswahili cha kambini. "Kuja nje upokee, watu waone."

"Mwanangu, mimi niko edani, sitoki," mama akajibu. "Na huyu Nakato, fidia yake iko wapi?"

"Huyo ni raia tu, mama. Hii ni ya watu ya serikali."

"Basi mimi sipokei."

Jamani! Siku zile ukibishana na afisa, unatiwa kwenye buti ya gari na hakuna atakayekuona tena. Nikamnong'oneza mama apokee tu, kapteni akishaondoka tutamgawia Nakato nusu. Nilikuwa nimemaliza sekondari, najiona nina akili kuliko watu wote wa nyumba ile.

Mama alinikazia macho. "Nikimgawia mimi, hiyo ni sadaka. Atanishukuru mpaka anaingia kaburini. Kwani mumewe alikuwa mtumishi wangu? Bomu liliwaua pamoja. Agawe yeye aliyeleta, tena mbele za watu, Nakato achukue kilicho chake."

Kisha akapaza sauti, kambi nzima ikasikia: "Kapteni! Kama ya Nakato hakuna, geuza lori lako. Nyumba yangu itakaa bila paa!"

Wake za askari wakaanza kutoka milangoni. Walisimama tu wanatazama. Kila mmoja wao alikuwa na mume ambaye kesho angeweza kuletwa amefunikwa shuka. Kapteni akawatazama, akamtazama mpiga picha wake, akacheka kicheko cha hasira.

"Wewe mama una kichwa ngumu!"

Halafu akaamuru mabati yashushwe mafungu mawili, sawasawa. Lori la pili halikuja, hayo hayo ndiyo yaliyogawanywa. Unajua mwanamke wa Kiganda anavyopokea kitu kwa mkubwa, lazima apige magoti. Siku ile Nakato alipokea amesimama wima, uso mkavu, na picha ikapigwa hivyo hivyo.

Yetu yalitosha vyumba viwili. Sebule ilinyeshewa misimu mingi tu, tukawa tunaipita mbio. Lakini wallahi, nilipita Kansanga kichwa juu, na hata leo nikitajiwa mama yangu, kifua kinajaa.

Sasa mwanangu, umepewa kazi ya kupeleka fidia ya serikali kwa familia za waliouawa na magaidi. Nimefurahi mno. Nisikilize. Ukifika msibani, usianze kuuliza marehemu alikuwa mkubwa wa wapi. Uliza nani mwingine aliyekufa pale, na amewaacha akina nani. Aliyesahauliwa usimwachie jirani mwenye huruma, mpe wewe, hadharani. Wala usiiite zawadi. Na mjane akikugomea kwa ajili ya mwenzake, usimkasirikie, mvulie kofia.

Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyopendelea. Akutie ujasiri mbele ya wakubwa wako, na kila nyumba ya wafiwa utakayoingia, utoke humo wakikuombea heri. Amina.