Busu Lililotufungisha Karata

Siku mke wangu aliponifukuza kwenye meza ya karata, kosa langu lilikuwa moja tu: nilikuwa nimepona.

Ndiyo, nimepona. Daktari alithibitisha mwenyewe.

Huku kwetu Paysandú tunacheza truko, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, na mwenzako unamwambia ulichoshika kwa ishara za uso. Unakonyeza, unang'ata mdomo, unanyanyua nyusi. Mimi na mke wangu Nélida tulikuwa moto wa kuotea mbali.

Mwaka jana nikaanguka. Silali, sili, sioni hata sababu ya kuvaa viatu. Nikaandikiwa dawa ya sonona.

Kidonge kilifanya kazi, tusikisingizie. Huzuni ilihama, ila ikaondoka na furaha, kumbe walikuwa wamepanga chumba kimoja.

Binti yetu akapiga simu kutoka Salto kusema ana mimba. Nikamjibu, "Sawa."

"Sawa?" Nélida akaruka. "Mjukuu wa kwanza, Anselmo, unasema sawa kama umeletewa bili ya maji?"

Daktari yeye alifurahi.

"Unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

"Hongera, mzee wangu."

Basi Jumapili tuko kwa shemeji yangu Rufino, kaka yake Nélida. Nimeshika karata kubwa kuliko zote. Nikanyanyua nyusi. Yaani nilidhani nimenyanyua. Nélida akanitazama, hakuona kitu, akajitoa. Tukafungwa.

"Dada," Rufino akasema, "huyu umemleta kucheza au kuzikwa?"

"Ondoka hapo, Anselmo," Nélida akaniambia. "Mimi nimeolewa na friji. Halina ubovu wowote, ila ukifungua ni baridi tu."

Hakuwa anatania. Kesho yake akaanza kupanga nguo za kuhamia kwa binti yetu mwisho wa mwezi ujao.

Nikarudi kwa daktari. "Mke wangu anaondoka, na siumii. Hilo ndilo linalonitisha."

Akaweka kalamu chini. Akanibadilishia dawa, taratibu, kwa wiki kadhaa.

Ya pili nayo ina mambo yake. Jasho kama muoka mikate, mdomo mkavu kama kiberiti. Lakini asubuhi moja nililia kwa tangazo la dawa ya meno, na sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari yake, nikamwomba tucheze mchezo mmoja wa kuagana. Akakubali shingo upande.

Mezani akanitazama. Nikachongoa midomo kama mtu anayebusu. Kwenye truko, hiyo maana yake una karata ya mbili, nayo si ya kubeza.

Akapandisha dau. Tukapigwa vibaya mno.

Akafunua karata zangu. "Mbona huna mbili?"

"Sina."

"Sasa ile ishara ilikuwa ya nini?"

"Haikuwa ishara, mama."

Machozi yakamlengalenga.

"Rufino, gawa tena," akasema. "Salto nitakwenda mtoto akizaliwa. Na nitakwenda na hili lijasho langu."

Jamani, dawa isipokukaa vizuri usiitupe chooni, rudi kwa daktari. Akikuuliza kama unalala na unakula, mjibu. Halafu mwambie na lile ambalo hakukuuliza.