Mkono Nyuma ya Pazia

Mkono wa kulia wa mama mkwe wangu unatetemeka, na ukoo mzima wa mke wangu unasema niliutetemesha mimi kwa kuubusu.

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwao Ggaba. Tulikuwa tunatazama filamu ya kuchekesha, moja ya zile za bwana harusi wa kabila moja na wakwe wa kabila jingine, iliyotiwa sauti ya Kiganda na mtafsiri anayeongeza matusi yake mwenyewe. Mama mkwe hakuwa nasi sebuleni. Kwa Waganda, mwanamume na mama wa mkewe hawagusani wala hawaketi chumba kimoja. Anayevunja mwiko huo huleta ugonjwa wa kutetemeka. Kwa hiyo yeye alikaa nyuma ya pazia la mlango, akiifuata filamu kwa masikio. Bwana harusi alipoteleza akamwangukia mama mkwe wake mbele ya wageni, kicheko kikubwa kuliko vyote kilitoka nyuma ya lile pazia.

Kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Mimi ni Mnubi, wa uzao wa askari wa Kisudani walioletwa Uganda na Waingereza. Nyumbani kwetu mama wa mke ni mama: unainama, unaubusu mkono wake. Kwa miaka sita nilikuwa nimemwamkia kupitia kitambaa. Siku hiyo nilijiambia kwamba anayecheka hivyo hawezi kukasirika. Tulipoaga, mkono wake ulichomoza pembeni mwa pazia ukimpa mke wangu mfuko wa samaki. Nikaushika, nikaubusu.

Aliuvuta kama aliyegusa sufuria ya moto. Aliyepiga kelele ni ssenga, shangazi aliyemfunda mke wangu kabla ya ndoa.

"Babu zako walikuja na bunduki," aliniambia, "wewe umekuja na midomo!"

"Ssenga, nilikuwa namheshimu."

"Heshima gani ya kumlamba mkweo? Nenda ukamlambe mama yako!"

"Si mlikuwa mnacheka sasa hivi?"

"Tuliwacheka watu wa kwenye televisheni. Wale hawana wazazi."

Miezi minne baadaye, kikombe cha mama mkwe kilianza kugonga kisahani. Daktari wa zahanati ya jirani alimwandikia barua akapimwe hospitali ya Mulago. Amekataa. Anataka kwanza nisimame mbele ya ukoo niseme kwamba ugonjwa nimeuleta mimi, kisha mila ya kuuondoa ifanywe.

Kuvunja mwiko ni kosa langu, na nimekubali kuomba radhi. Lakini nikisema nimemtia ugonjwa, watafanya mila yao, watamrudisha nyuma ya pazia lake, na hakuna atakayempeleka hospitali. Ssenga anasema naogopa aibu tu. Mke wangu, aliyechoshwa na pande zote mbili, aliniuliza juzi, "Baba watoto, ukisema tu, utapungukiwa nini?" Kila jibu nililofikiria lilisikika kama kiburi.

Zile filamu sasa nazichukia. Mwishoni wakwe wote hucheza harusini, na hakuna anayeugua.

Barua ya daktari iko juu ya televisheni yetu. Mulago wanamtarajia Jumatano. Leo ni Jumatatu, na ssenga ametuma ujumbe kwamba ukoo utakaa kesho saa nne asubuhi, nije nisije.