Nilimkatiza Ami Jukwaani, Sasa Hataki Kuniozesha

Hamjambo nyote. Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Mji wa Kale ni mdogo na wenyewe tunajuana. Mimi ni binti wa miaka thelathini na moja, nakaa Ganjoni, na kazi yangu ni kuendesha mijadala kwenye makongamano. Ndiye yule mnayemwona jukwaani katikati ya wataalamu, anawatambulisha, anawauliza maswali, na muda ukiisha anawanyamazisha kwa tabasamu. Kazi hii nilikuwa nikijivunia mno. Leo hata kuitaja naona uchungu.

Baba alifariki nikiwa na miaka sita. Aliyenilea ni ndugu yake, ami yangu, fundi wa visima anayekaa kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu. Ameshuka visima vya mji huu tangu ujana wake, na akionja maji hukwambia yametoka kisima kipi. Alinisomesha mpaka chuo kikuu kwa mikono yenye sugu za kamba. Akdi ya ndoa yangu ni Ijumaa ijayo, na walii wa kuniozesha ni yeye.

Mwezi uliopita palikuwa na kongamano la kimataifa hapa kisiwani kuhusu sera za maji kwa miji ya pwani. Waandaaji walitaka mzungumzaji mmoja mwenyeji, nikampendekeza Ami. Sikuwaambia ni ami yangu. Nilijiambia ni utaratibu wa kazi, nisionekane nabeba jamaa zangu. Yeye alifurahi kama aliyeitwa hija. Alikaa siku tatu akiandika maneno yake kwa herufi kubwa za Kiarabu, akatoa kanzu yake ya Idi, akaja na kikapu mkononi.

Ndani ya kikapu mlikuwa na chupa mbili kuukuu za soda, kila moja na maji ya kisima chake. Alitaka wataalamu waonje wenyewe, wajue kwamba katika mtaa mmoja kisima kimoja bado kitamu na cha pili kimeshaingia chumvi. Akazipanga mezani, kati ya maua na vibao vya majina. Nilihisi uso unaniwaka.

Kila mzungumzaji alikuwa na dakika saba. Mezani palikuwa na taa ndogo, imeelekezwa kwa anayesema na kwangu: kijani endelea, manjano malizia, nyekundu nyamaza. Profesa mgeni aliyemtangulia Ami alipitisha nyekundu kwa dakika nne, nami nilimwachia, natikisa kichwa kila anachosema.

Ikafika zamu ya Ami. Mnawajua wazee wetu, hawawezi kusimama wakaanza na visima kama watu wasio na adabu. Alitoa salamu kamili, akamhimidi Mungu, akamsalia Mtume, akaomba radhi kwa waliomzidi umri ukumbini, kisha akaanza kuwarehemu waliovichimba visima vile, mmoja mmoja kwa jina lake. Nikamwona profesa anafungua simu yake. Watu wawili nyuma wakacheka. Nikavuta kipaza sauti nikasema, "Asante mzee, muda wetu umekwisha."

Mzee. Tangu nijue kusema sijamwita hivyo. Alikuwa katikati ya jina la marehemu babu yangu. Akakunja karatasi yake, akaketi. Zile chupa hazikufunguliwa.

Kumbe kuna mtu alirekodi. Kipande kile kimezunguka kwenye simu mpaka sokoni Marikiti, mchuuzi akizidisha maneno wenzake humwambia asante mzee, wakaangua kicheko. Ami ameacha kukaa barazani. Akitoka msikitini huenda moja kwa moja nyumbani.

Nilikwenda na mama kumtaka radhi. Alimwacha mama aseme mpaka akachoka, kisha akanigeukia. Macho yake yana mtoto wa jicho, zile taa za mezani kwake ni ukungu mtupu.

"Mwanangu, nakuuliza jambo moja tu," akasema. "Ni saa iliyonikatiza, au ni weye?"

Nikamjibu, "Ni saa, Ami."

"Basi saa hiyo na ikuozeshe," akasema, akainuka akaingia chumbani.

Sasa ndugu zangu, nililolileta hapa ni hili ambalo sijamwambia mtu. Taa ilikuwa kijani. Alikuwa bado na dakika tatu zake halali. Video haionyeshi taa, na yeye hakuiona, kwa hiyo ninayejua ni mimi peke yangu. Hakuna aliyenituma. Nilimwonea haya mtu aliyenilea, mbele ya watu ambao hata majina yao nimeshayasahau. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, najua, na sitaki pole.

Mchumba wangu anasema twende kwa kadhi, walii akikataa kadhi yupo. Mama anasema nikiozwa na kadhi na Ami yu hai, yeye mama hatakanyaga harusini. Nikimwambia Ami ukweli, naogopa nitamkatiza mara ya pili, na safari hii hatakuwa na saa ya kuisingizia.

Jana mke wa Ami alinipigia simu kwa siri. Anasema ile kanzu ya Idi, Ami ameifua mwenyewe, ameipiga pasi, ameitundika nyuma ya mlango. Na kila akirudi kutoka msikitini, kabla hajavua viatu, huuliza kama nimekuja.

Siku zimebaki sita na sijalala. Niambieni, nyinyi mliolelewa na mtu kisha mkamwonea haya: nikifika mlangoni pale, nianze na neno gani?