Umuravumba Uliofungwa Kamba ya Mgomba

Umuravumba hatuupandi kwa mbegu. Mvua za kwanza zikishanyesha unakata tawi nene kama kidole gumba, unaliacha kivulini siku mbili tatu mpaka pale ulipokata pakauke, ndipo unalichomeka ardhini kwa kulilaza kidogo. Ukilichomeka bichi, linaoza. Ukilimwagilia kila jioni kama mchicha, linaoza pia. Mimi niliozesha matawi mengi kabla sijajifunza kuuacha mti ufanye kazi yake, na kila tawi lililooza lilinitia hasira kana kwamba limenitukana.

Kwa asiyeujua, ni kichaka cha porini kwetu Uha, kinachompita mtu kwa urefu kikiachwa kikue. Majani yake ni mazito, yana manyoya, yananata mkononi, na harufu yake inapanda moja kwa moja puani. Kila mtu anaujua kama dawa ya kifua. Lakini una jambo lingine ambalo wengi hawalitazami. Kiangazi kikikomaa, mwezi wa sita kwenda wa saba, asubuhi ni baridi na mchana ni vumbi tupu, unapukutisha majani yote. Halafu vile vijiti vitupu vinatoa vishada vya maua, vyeupe vyenye zambarau kwa mbali, vingi mpaka kijiti chenyewe hakionekani. Nyuki wanakuja tangu jua linapochomoza, maana wakati huo hawana pengine pa kwenda.

Kwetu ni Nyakitonto, upande wa Kasulu. Baba alikuwa amezungushia mji wake wote umuravumba, ua mrefu hata kijiji kizima kilichuma na bado ukabaki wa kuchanua. Nimekua nikidhani mwezi wa saba ni mwezi wa maua kila mahali. Nilipoolewa Kibondo nikakuta uwanja wa mama mkwe wangu: udongo mwekundu uliofagiliwa mpaka unang'aa, jiko la nyasi, migomba nyuma, basi. Nilipomwambia nataka kupanda maua mbele ya nyumba alinitazama vizuri, akauliza, "Hilo ua linapikwa na nini?"

Nilipanda hivyo hivyo. Nilikwenda kwetu kusalimia, nikarudi na matawi yaliyofungwa kwenye kitenge, na baada ya kuozesha ya kuozeshwa nikabaki na vichaka vinne vilivyoshika. Niliviwekea majivu ya jikoni na samadi ya mbuzi. Mwaka wa pili vilikuwa vimenifikia mabegani. Nikawa naamka asubuhi navitazama kabla sijawasha moto.

Havikuchanua. Sababu niliijua, na ndiyo iliyokuwa inaniudhi. Ua la umuravumba linatoka kwenye ncha ya tawi. Ncha hiyo inaanza kujiandaa mapema, tangu baada ya Pasaka, na ukiikata wakati huo hupati ua mwaka huo. Na ncha ndiyo wanayoitaka watu. Wanasema majani ya chini ni mazee, nguvu iko juu. Vumbi likianza kila nyumba ina anayekohoa, na kwetu dawa ya majani haikatazwi. Mtu anaingia uwanjani, anasema ana mgonjwa, anachuma, anaondoka. Ukimnyima, umemnyima mgonjwa, na habari hiyo itakutangulia kisimani. Kufikia mwezi wa sita vichaka vyangu vilikuwa vimenyolewa kama kichwa cha mfiwa.

Halafu wakaja wakimbizi kutoka Burundi, na malori yakawa yanapita barabara ya mbele ya nyumba yetu mchana kutwa kupeleka vyakula makambini. Vumbi la malori lilikuwa halina mfano. Lilitua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye dagaa, kwenye kope za watoto. Wanawake wa Kirundi waliopita kutafuta vibarua wakauona mti wanaoujua. Nakumbuka mmoja aliyesimama mbele ya vichaka vyangu akiwa na mtoto mgongoni, akaniambia, "Mama, umwana arakorora." Hata kama lugha zetu zisingekaribiana, kikohozi cha yule mtoto kilitosha kunieleza. Nilimchumia mwenyewe. Alipoondoka nilihesabu ncha zilizobaki, nikajichukia kwa kuhesabu, na bado nikahesabu.

Mtu atauliza kwa nini maua yanisumbue kiasi hicho. Sikuwa na kingine. Mume wangu alikuwa amekwenda Kahama kutafuta dhahabu, na kwa miaka miwili tulikuwa tunapata salamu zake bila kumpata yeye. Nilibaki na mtoto mmoja wa kike wa miaka mitatu na mama mkwe ambaye alikuwa anaongea kidogo na kukohoa sana. Sikugombana naye. Tulipishana tu mlangoni, yeye na fimbo yake, mimi na ndoo yangu. Kila kitu nilikilinganisha na kwetu, na kila kitu kilishindwa. Maharage ya kwetu yanaiva upesi. Maji ya kwetu ni matamu. Nilikuwa nasema kwa sauti, wala sikuwa namsema yeye, lakini nyumba ilikuwa ndogo.

Mwaka huo niliamua kuondoka. Sikumwambia mtu isipokuwa dereva wa lori lililokuwa linaleta unga kutoka Kasulu, mtu wa kijiji cha jirani na chetu. Tulikubaliana kwamba maharage yakishavunwa na kuanikwa, katikati ya mwezi wa saba, atanipitia na mtoto na kifurushi changu. Nilijua mahari ilikwishatolewa na kwamba wazee wa upande wa mume wangu wangekuja kumdai mtoto. Nilikuwa tayari kugombana nao. Nilitaka kitu kimoja tu kabla sijaondoka, angalau kichaka kimoja kichanue, nisije nikasema nimekaa miaka yote ile nikipanda vijiti.

Nikachagua kilichokuwa kimenawiri kuliko vyote, karibu na mlango. Nikapanga kuwaelekeza wachumaji kwenye vile vitatu na kukiacha hiki. Siku ya pili yake nikatoka asubuhi nikakuta kimefungwa kamba ya mgomba kwenye shina.

Hapo lazima nieleze. Mti wa dawa ukifungwa kamba ya mgomba, maana yake una mgonjwa wake. Mtu wa nyumba hiyo anautumia mfululizo, na wengine hawagusi mpaka amalize. Hata mtoto anajua. Kamba ile ilikuwa imefungwa kwa fundo la kizee, na mzee pale alikuwa mmoja. Nilielewa kwamba mama mkwe amejichukulia kichaka kizuri kuliko vyote kwa ajili ya kifua chake. Ungemwambia nini mzee anayekohoa? Acha kikohozi chako, mimi nataka maua?

Nilinuna. Nilinuna mwezi mzima, na mimi nikinuna hata sufuria zinajua. Yeye akawa anatandika mkeka wake pale pale karibu na kichaka, anaota jua la asubuhi, fimbo kando. Wachumaji walipokuja aliwaonyesha vile vitatu kwa fimbo. Vikaisha. Vikabaki miguu mitupu. Kikohozi chake kikawa kinazidi, na mimi nilijiambia dawa yenyewe imemkataa, ndiyo malipo ya uchoyo. Sikutazama kama kichaka kilikuwa kinapungua. Nilikuwa nimekinunia nacho.

Kilichonifungua macho ni nyuki. Nilikuwa napepeta maharage upande wa nyuma nikawasikia, wengi. Nikazunguka nyumba. Kichaka kilikuwa hakina jani hata moja, na kila ncha ilikuwa imetoa kishada, juu mpaka chini, mpaka kamba ya mgomba haikuonekana tena. Hapakuwa na ncha hata moja iliyoguswa. Mama mkwe alikuwa amekaa chini yake na mjukuu wake mapajani, maua yamewaangukia kichwani wote wawili.

Nikakaa chini kwenye udongo. "Mama," nikamwambia, "kamba si uliifunga kwa ajili ya kifua chako?"

"Niliifunga kwa ajili ya mgonjwa."

"Mgonjwa si wewe?"

Alikohoa kwanza, muda mrefu, akashika ubavu. "Mimi nakohoa tu," akasema. "Mgonjwa ni wewe. Tangu uingie hapa ni kwetu hivi, kwetu vile. Mwaka huu hukupanda viazi bondeni, nikajua hutakuwepo wakati wa kuvila. Mwanangu simwezi, yuko mbali. Nikaona sina la kukupa. Nikasema angalau hilo ua lichanue hapa, lisichanue kwenu tu."

"Na wewe umekunywa nini muda wote huu?"

"Maji ya moto."

Nilimkasirikia. Sijui niliseme vipi jambo hili, lakini kitu cha kwanza nilichokisikia ni hasira, kwamba mtu mzima amekaa mwezi mzima akikohoa chini ya dawa. Hasira ilipopita nikaanza kulia, na yule mtoto akaniuliza kama nimeumwa na nyuki. Nikamwambia ndiyo.

Sasa dawa ilikuwa haipo. Umuravumba ukichanua hauna jani la kuchemsha, na vile vitatu vilikuwa vimekwisha. Nikamkumbuka mke wa mwenye duka, mama mmoja wa Kiislamu aliyetokea pwani, ambaye nilikuwa nimempa tawi mwaka uliopita. Yeye aliuita mrehani wa bara na kuupanda penye maji ya kuoshea vyombo, nami nilikuwa nimemcheka kwamba utaoza. Haukuoza. Kwa kuwa ulikuwa unapata maji na kuchumwa kila wiki, haukuwa na hata dalili ya ua, lakini ulijaa majani machanga kiangazi kile kile. Nilibisha hodi nikiwa na bakuli.

"Karibu, mwanangu. Nani anaumwa?"

"Mama anakohoa," nikasema.

"Masikini. Chukua ncha za juu, ndizo zenye nguvu."

Nilichukua za juu, kama wengine wote.

Nilimchemshia asubuhi na jioni. Alikuwa akinywa kwa kukunja uso na kulalamika kwamba nimetia majani mengi, na mimi nilikuwa nikimjibu kwamba aliyezoea maji ya moto hawezi kujua kipimo. Tulianza kuongea hivyo, kwa kubishana. Kifua chake hakikupona chote, kwa kuwa uzee nao una sehemu yake, lakini alianza kulala. Mume wangu alirudi kutoka Kahama mwaka mwingine, mikono mitupu, na hiyo ni habari yake.

Siku ya lori, katikati ya mwezi ule ule wa saba, ilikuwa ya kawaida. Lilisimama barabarani, vumbi likalipita na kutua uwanjani, dereva akapiga honi mara mbili. Mama mkwe alikuwa mkekani. Aliinama akaanza kuokota maua yaliyoanguka, moja moja, hakuninyanyulia uso. Kifurushi changu kilikuwa ndani, nyuma ya mlango, nilikuwa sijakifungua. Nilitoka na bakuli mkononi likiwa bado linatoa mvuke, nikasimama chini ya dirisha la dereva.

"Vipi, dada, mzigo uko wapi?"

Nikamwambia apite tu, sina safari, nina mgonjwa.