Pengo Kati ya Namba Nane na Kumi na Moja

Tulifungwa trai tano, yaani mabao ya raga, kwenye mechi moja, na zote zilipita sehemu ile ile.

Hatua tatu tu za nyasi, kana kwamba tumeweka kibao cha kuwakaribisha wageni. Kushoto kwa hatua hizo nilisimama mimi. Kulia alisimama mume wa dada yangu.

Yalitokea kwetu Hagen, milimani Papua Guinea Mpya, na mkimaliza kusoma mtanichukia. Nichukieni tu, mtakuwa na haki.

Kwetu raga ya watu kumi na watatu ndiyo kila kitu. Mimi nilikuwa namba nane wa timu ya Kasowari, mmoja wa wale mafowadi sita wazito ambao kazi yao ni kugongana. Shemeji alikuwa namba kumi na moja. Hapa nitamwita Raima. Si jina lake. Kwetu jina la shemeji halitamkwi, na hata kuliandika vidole vinagoma.

Jumatatu kocha akatuita. Kocha Vagi ni mtu wa pwani, mwalimu wa hesabu, hana simile.

"Nimewaangalia mafowadi wangu," akaanza. "Namba kumi, dakika ya kumi tu umeshatoa ulimi. Kumi na tatu, wewe unakaba kwa macho. Hayo nitayavumilia. Ila nyie wawili!" Akatunyooshea chaki mimi na Raima. "Mtu akija na mpira katikati yenu, huyu anadhani ni wa yule, yule anadhani ni wa huyu. Mbona hamuitani?"

Kont, nahodha wetu, ndiye aliyemweleza. "Kocha, hao ni mashemeji. Hawatajani majina."

"Si waitane shemeji!"

"Kwenye timu hii ukiita shemeji wanageuka wanne."

Watu wakacheka. Vagi hakucheka. "Basi namba. Namba si jina, au nayo mna mila yake? Pora, wewe uko upande wa katikati ya uwanja, unaona vizuri. Mtu akija, piga kelele: kumi na moja! Yeye anamkaba, wewe unabaki na wako. Hata mtoto wa chekechea anaweza."

Nikasema, sawa kocha.

Sasa niwaambie kuhusu Raima. Nilikuwa nimemchukia kinoma. Kabla hajamwoa dada yangu Kopil, mimi ndiye nilikuwa mwanaume wa nyumba ya mama. Akaja yeye na nguruwe wake wanono na tabasamu lake, kila Jumamosi anamletea mama kuni na kumlimia viazi vitamu. Mama akakosa wimbo mwingine. "Ungekuwa kama shemeji yako," asubuhi na jioni. Nikikimbilia uwanjani, huko nako uwanja mzima unaimba jina lake, jina ambalo mimi siruhusiwi hata kulitamka.

Jumapili ikawa nusu fainali.

Dakika ya sita, jitu la timu ya Mamba likaja mbio na mpira, katikati yetu kabisa. Nililiona mapema. Likapita, trai.

Mpaka mechi inaisha wakawa wamepita wanne. Tulishinda kwa pointi moja, shukrani kwa miguu ya watu wa nyuma. Kocha alinifuata pale pale kwenye uzio, mashabiki wote wanasikia.

"Pora! Uliita?"

"Niliita, kocha. Mara zote nne. Huyu ndiye hasikii."

Akamgeukia Raima. "Kweli aliita?"

Raima akanitazama. Kisha akatazama viatu vyake.

"Aliita," akasema. "Mimi sikusikia."

Nikajisemea, kumbe ni bwege namna hii! Moyoni nilishangilia, maana nilijua fainali hachezi.

Kesho yake nikapita sokoni kununua popoo za kutafuna. Wauzaji walikuwa wanaongea mpira.

"Mwanaume mzima, masikio yake mawili, shemeji yake anapiga kelele hatua tatu tu, asisikie?"

"Kazibwa huyo. Kazibwa na mtu."

"Na kaanza lini? Si tangu aoe?"

"Yule mkewe umewahi kumwona kwenye mechi? Wenzake wanashangilia, yeye ananong'ona peke yake."

Wakaniona, wakageukia bidhaa zao. Kwetu neno uchawi likishamdondokea mwanamke, huwa haliishii kwenye maneno. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo. Nikalipa popoo zangu nikaondoka. Nilijiambia ni porojo za sokoni, zitapoa.

Jumatano saa sita mchana niko kwenye shamba la kahawa, nikamwona Kont anakuja anakimbia.

"Pora! Wameenda kwa dada yako. Wana mapanga!"

Sikumbuki njia niliyopita. Nakumbuka nilipofika, wanaume kama arobaini wamezunguka uzio, wengine wamevaa jezi za Kasowari. Raima amesimama langoni na shoka. Nyuma yake Kopil, kiazi bado kiko mkononi, alikuwa anamenya.

"Mtoe huyo mwanamke tuongee naye!"

"Anayetaka kuongea naye apite hapa," Raima akajibu.

Ndipo aliponiona. Tangu siku ya harusi tulikuwa hatujasemeshana ana kwa ana.

"Shemeji," akasema, "waambie. Jumapili sikuweza kukuita mwongo mbele za watu, nikasema uliita. Leo mimi nikisema, wataona namtetea mke wangu. Sema mwenyewe."

Alikuwa anajua siku zote! Nilisikia aibu.

"Uliita au hukuita?" mmoja akanifokea.

"Sikuita."

"Sema tusikie!"

"SIKUITA! Niliwaona wote wanne wanakuja, nikafunga mdomo. Nilitaka huyu atolewe kwenye timu. Hakuna mchawi hapa. Ni mimi!"

Ngumi ya kwanza ilitoka kwa Kont, nahodha wangu. Zilizofuata sikuzihesabu. Nilipoteza meno mawili ya mbele, na wakati wote huo Raima hakutoka langoni. Simlaumu. Walipochoka wakanitemea mate mekundu ya popoo, wakatawanyika mmoja mmoja bila kumtazama Kopil usoni.

Dada yangu akatoka. Nilidhani anakuja kunifuta damu.

"Ulimchukia mume wangu, hilo nimeelewa," akasema. "Lakini tangu Jumatatu sokoni wananitaja mimi. Na wewe ulikuwepo, nimeambiwa. Siku mbili, kaka. Ulikuwa unasubiri nini?"

Fainali waliicheza bila mimi, wakashinda. Raima alicheza. Namba nane mpya naye ni shemeji yake, kwa upande mwingine wa ukoo, na alipiga kelele za kumi na moja, kumi na moja, mpaka sauti ikamkauka.

Kwa hiyo msije mkasema ni mila iliyotuangusha. Mila haikunizuia kusema namba, wala haikunifunga mdomo pale sokoni. Nyinyi mnaomnyamazia mtu ili mumkomoe, jueni hamtachagua atakayeumia. Mimi nilimlenga mwanaume mwenye nguvu zake, na mapanga yakaenda kwa dada yangu.

Huu ni mwaka wa tatu. Mama ananisalimia. Raima ananisalimia. Kopil akiniona njiani anavuka upande wa pili.