Mponyaji Hakatizwi

Wiki iliyopita, nikipanga vitu vya mama kwenye gereji ya nyumba yake huku ughaibuni, mjini Pearland, nilikuta karatasi ya daftari yenye mwandiko wa dada yangu: sheria za mchezo wetu. Nikakaa juu ya boksi nikaisoma yote, rafiki yangu, na kazi ikalala.

Mwaka 2017 tulikuwa tunaishi kwenye apatimenti mji wa Grand Prairie, nami nina miaka kumi na moja. Mama, nesi, alifanya kazi usiku na kulala mchana, kwa hiyo Jumamosi tulicheza kwa kunong'ona, dadu tukizirusha juu ya taulo zisigonge meza. Ulikuwa mchezo wa kuigiza wahusika wa hadithi, wenye kitabu chake cha sheria, na dadu ndizo zilizoamua nani anashinda. Dada alisimulia mapango na majitu, mimi nilikuwa askari, na msichana wa jirani, Mkongo, alikuwa mponyaji wetu. Mama hakutaka neno uchawi litajwe nyumbani kwake, kwa hiyo nguvu zile za kuponya tuliziita dawa. Tulikula maandazi ya jana yaliyopashwa moto, vidole vikaacha mafuta kwenye karatasi zote.

Kitabu cha mchezo hakikusema hivyo, lakini dada alitunga sheria yake: adui akimgusa mponyaji kabla hajamaliza, dawa inapotea. Tuliipenda, maana ilitutia hofu tamu. Mpaka siku askari wangu alipokuwa anakufa. Jirani akaanza kunitibu, dada akasema mshale wa adui umempata mponyaji begani. Dawa ikapotea, na askari niliyemlea miezi minane akafa.

Jirani aliweka dadu chini. "Dada, kila siku unanikatiza. Sasa miye niko na kazi gani hapa?"

Mimi nililia kwa sauti. Mlango ukafunguka, mama akatoka na kanga yake, macho mekundu.

"Nani kamkatiza nani?"

Tulimweleza. Nilitegemea atufokee. Akavuta kiti.

"Mwezi uliopita nilikuwa napima dawa ya mgonjwa, simu ikaita. Ulikuwa wewe," akanitazama, "unanishtakia dada yako kamaliza chapati. Niliporudi kwenye sindano sikukumbuka nimefikia wapi. Kidogo nimzidishie. Nikamwaga yote, nikaanza upya."

Dada alichukua kalamu, akaifuta sheria yake kwa mstari, akaandika: mponyaji akianza, hakatizwi. Askari wangu akafufuka. Na tangu siku ile hatukumpigia tena mama kazini, hata mara moja.

Mwaka 2020 mama alihamia hotelini wiki tatu asituletee korona. Asubuhi alituma ujumbe, nasi tukajibu kwa ujumbe. Niliitamani sauti yake mpaka nikawa nalala na kanga yake. Aliporudi, alitua mkoba mlangoni akauliza, "Wiki tatu, wanangu, hata simu moja?"

"Ulikuwa unaponya watu," dada akasema.

Mama alitutazama sana. "Saa ya mapumziko nilikuwa nakaa ndani ya gari, simu mkononi."

Hatukucheza tena. Familia ya jirani ilihamia Haltom City, sisi tukaja huku. Nikizikumbuka Jumamosi zile, majitu yamefifia. Ninachokiona ni watoto watatu waliokaa kimya mchana kutwa kwa ajili ya mtu aliyelala chumba cha pili, wakiamini kwamba kunyamaza ndiko kumpenda. Imani ile imekwisha. Siku hizi mama anafanya kazi mchana, nami nampigia kila saa sita, saa yake ya mapumziko, na mara nyingi hatuna hata la kuzungumza.